Bilinganya na Mbio ya Farasi

Hapana, haiko maiti. Ni bilinganya. Najibu mbele hamujauliza, sababu hapa Buffalo, mu mitaa yetu ya Kensington-Bailey, kila mutu anayepita mangaribi ya mwezi wa tano anaona shuka nyeupe zimelala mistari mistari kando ya nyumba, anapunguza mwendo. Mumoja alitoa kofia. Nikamupungia mukono, nikamuambia mu Kiswahili, "Pita baba, hawajakufa, wanasikia baridi tu." Akaitika na kichwa, akakaza mwendo.

Bon. Nianzie Louisville.

Louisville ndiko ndege ilitutupa, muzee wangu na miye, mwaka elfu mbili kumi na tatu, kwa kijana yetu wa kwanza. Sisi tunatoka mu milima ya Kivu ya Kusini, watu ya ngombe. Baridi tuliijua. Lakini baridi ya kwetu iko na adabu: inakuja mangaribi, inaikala na watu ku moto, asubuhi inaaga. Ya hapa ni kama mugeni mwenye ameaga, amefika ku njia, halafu anarudi kuuliza kama hakusahau fimbo.

Mwezi wa ine jua ilitoka, watu wakavaa mikono mifupi, na miye nikatoa miche yangu inje, bilinganya na lengalenga, ile muchicha yetu. Siku tatu tu, zote zikalala kama nywele ya mutu mwenye kunyeshewa. Jirani yetu, mumama muzungu mwenye kuzeeka kama miye, akakuja ku lupango, ule uzio wa katikati yetu. Ule mumama hasemi, anavuta: neno ya kwanza inatoka, unaenda kuchota maji, unarudi, ya pili haijafika. "Haaani," yaani mupenzi, na sauti ya mu pua, "haupandi... mbele... farasi... wakimbie." Kijana yangu akanigeuzia mu Kiswahili. Pale Louisville kuko siku moja, mwanzo ya mwezi wa tano, farasi zinashindana, wamama wanavaa makofia kubwa kama sinia ya bugali. Mbele ya siku ile, kitu laini haitoki ndani.

Miye sikusoma, na sikuuliza juu ya nini. Nilishika vile nilishika: farasi ndiyo wanafukuza baridi. Wanaikanyaga. Mwaka wenye kufuata nilingoja farasi wakimbie, nikapanda, na bilinganya ikazaa mpaka muzee akakula akalegeza mukaba. Sasa nani angenidanganya ingine?

Columbus tulikaa mwaka moja, kwa mutoto wa pili, ku etaji ya tatu. Shamba yangu ilikuwa makopo ya kahawa ku balkoni. Farasi walikimbia, nikatoa makopo, baridi ikarudi mara mbili. Nilibeba makopo ndani mangaribi, inje asubuhi, ndani, inje, sawa mutu mwenye kulea mapacha. Muzee aliniangalia siku mingi. Halafu akauliza na ile sauti yake ya chini, kama mutu anaongea ndani ya chungu: "Unazinyonyesha pia?"

Nikasema ile mwaka farasi walikimbia ovyo.

Ndipo binti yetu, kitinda mimba, akazaa huku Buffalo. Yeye anafanya kazi ya usiku mu nyumba ya wazee, anawageuza, anawaosha, na bwana yake anaendesha lori, unamuona mara moja mu juma mbili. Mutoto mudogo abakie na nani? Tukakuja.

Miye nilifurahi. Muzee, donc, muzee hakushika mizizi. Louisville kulikuwa wanaume wa kwetu. Kisha ibada waliikala pamoja, wakaongea ngombe zenye zilikufa zamani, utafikiri zimefungwa inje ya kanisa. Buffalo alikuwa anaenda mpaka Grant Street, anaangalia maduka, anasalimia watu, anarudi, anaikala ku dirisha. Siku moja akasema, "Huku hakuna kitu inashika. Narudi kwa kijana."

"Na miye?"

"Weye utachagua."

Unasikia maneno? Tangu nilikuwa musichana, vita tu ndiyo ilitulalisha fasi mbili, yeye pake na miye pangu. Mutoto wa binti yangu alikuwa na miezi ine, ananishika kidole mpaka analala. Nikate nani? Nikamuambia, "Muzee, ngoja bilinganya. Usiseme hakuna kitu inashika na haujaona mukono wangu." Akafikiri. Muzee akifikiri unaweza kupika maharagi. Halafu akasema, "Zikishika, nabakia. Zikikufa, nakwenda." Akapanga nguo mu begi, akaisimamisha nyuma ya mulango. Toka ile siku niliangalia miche yangu ku dirisha sawa mama anaangalia mutoto mwenye homa.

Mwezi wa tano ilipoingia nikapigia kijana yangu Louisville. "Farasi walikimbia?"

"Eh mama, jana."

Kesho yake niko mu udongo. Jirani yetu wa huku, mumama Mrundi aliyekulia mu kambi Tanzania, Kiswahili yake imepigwa pasi, akasimama ku lupango. "Shikamoo bibi. Samahani, naomba nikushauri. Huku ungesubiri mpaka mwisho wa mwezi."

Nikamujibu na sauti yake ileile, mukono ku kifua. "Marahaba mwanangu. Ahsante kwa ushauri. Farasi wameshakimbia."

"Farasi gani, bibi?"

"Wa Louisville."

"Bibi, farasi wa Louisville hawafiki Buffalo."

Nilimucheka. Niliingia ndani niko namucheka, nikamuonyesha muzee vile alisimama. Muzee hakucheka. Aliangalia begi.

Juma mbili ilipita vizuri. Bilinganya zikasimama, zikatoa jani ya ine, ya tano, ile jani yake yenye manyoya kama sikio ya ndama. Nilikuwa nazishika moja moja. Halafu siku moja mangaribi binti yangu anafunga viatu aende kazi, anaangalia telefone, anasema, "Mama, leo baridi inashuka mpaka barafu." Miye nikasema haiwezekani. Akasema, "Mama, haikuulizi." Akaenda.

Nikatoka. Kweli mbingu ilikuwa safi, hakuna wingu, hakuna upepo, ule utulivu mubaya. Mrundi wangu alikuwa ameshafika ku lupango na vijiti mukononi, na hakusema "nilikuambia," hata na macho. Huyo mutoto walimulea. Miye nilikuwa nimebeba plastiki kubwa, sababu mu kambi ya wakimbizi tulikopita, plastiki ndiyo ilifunika kila kitu, watu, unga, kuni. Akanizuia. "Plastiki ikigusa jani inaliunguza, bibi. Nguo ndiyo nzuri. Na uinyanyue kwa vijiti, isilale juu yake."

Tukasimika vijiti. Tukatoa shuka zote za nyumba. Kisha shuka, taulo. Kisha taulo, vitenge vyangu, hata kile cha kanisa. Ndoo tukafunikia lengalenga. Tukaweka mawe ku pembe. Muzee alisimama ku mulango, mikono nyuma, kama muamuzi mwenye hawezi kusaidia upande moja. Mistari ilikuwa tano. Nguo ikaishia ku ya ine. Ule wa tano, wa ku lupango, miche kumi na moja, nilichuchumaa mbele yao, nikawaambia, "Nyinyi musali." Mrundi akasema Amina. Tukaingia.

Asubuhi mutoto aliamuka na miye, analia, meno inatoka, sikuweza kutoka. Niliona tu ku dirisha majani ya inje ni nyeupe kama mutu ameyamwagia unga. Nikamubeba mugongoni, nikaweka chai. Muzee akaingia toka inje. Alikuwa na shati tu. Nikafikiri ni hasira inamupasha moto. Akaikala, akashika kikombe na mikono mbili, na kikombe ilikuwa inagonga sahani.

"Nimeona," akasema. "Ku mustari wa kwanza shuka ilianguka. Majani imekuwa nyeusi. Pigia kijana, nakwenda siku ya posho, jumamosi."

"Mustari moja haiko shamba, muzee. Ingine je?"

Akakunywa chai.

"Nauliza ingine. Wa pili? Wa tatu? Ule wa ku lupango?"

"Nimesema zilikufa."

"Umesema wa kwanza."

"Mukecuru, niletee telefone."

Mukecuru ni bibi kizee mu luga ya kwetu. Nikamujibu na sauti yake, mdomo ndani ya kikombe: "Mukecuru, niletee telefone." Mutoto akacheka mugongoni. Muzee hakugeuka. Nikaona kweli huyu mutu anakwenda, na nikatafuta telefone, macho yangu haioni vizuri.

Pale ndipo binti yetu alirudi kazi. Alipita ku upande wa lupango, viatu imelowa, uso wa mutu mwenye hajalala. Akasimama ku mulango, akaangalia begi, akaangalia baba yake. Salamu hakutoa.

"Papa, kama unaenda Louisville, koti yako iko inafanya nini juu ya bilinganya ya mama?"