Maharage ya Bibi Astelia

Wenzangu mliokulia Mishamo enzi zetu, mtayakumbuka maharage ya kwanza, yale yanayoiva mvua zikiwa bado hazijaondoka. Yakishapurwa yanaanikwa uani juu ya majamvi, na kuanzia hapo kila mtoto anakuwa mtabiri wa hali ya hewa. Hatukuwa na simu ya kutuambia kesho kutakuwaje. Tulikuwa na goti la Data, yaani baba yetu, lililoanza kuuma mawingu yakiwa bado upande wa Burundi.

Jumapili tulianika vilevile, ila nyumba nzima ilikwenda kanisani. Data alikuwa mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele na koti lake moja la mwaka mzima. Vijana wa leo ibada ikitimiza muda wa saa moja na nusu wanaanza kuangalia chaji ya simu. Sisi muda huo mhubiri alikuwa bado anasalimia.

Mwaka ule maharage yetu yalikuwa na kazi maalumu. Yangeuzwa ninunuliwe kaptula ya shule, maana niliyokuwa nayo ilikuwa viraka vitupu nyuma na mwalimu alishasema hataki kuiona tena. Niliyaheshimu maharage yale kuliko watu wengi.

Basi Jumapili moja, katikati ya mahubiri, ngurumo ikapiga. Kanisa zima lilisikia, na kanisa zima likajifanya halikusikia. Data akainuka taratibu akatoka. Mama akafumba macho na kuendelea kusikiliza kwa amani, kwa kuwa alijua maharage yamepata mtu. Mimi nikaomba kwenda haja, nikamfuata.

Tulipofika kwetu, akapitiliza.

"Data, kwetu ni huku," nikamwambia.

"Kwetu napajua. Twende."

Akaingia kwa jirani yetu Bibi Astelia, mjane aliyeishi peke yake na ambaye magoti yalikuwa yamegoma kumbeba. Ulimi haukuwa umegoma. Wiki iliyotangulia alimwita Data mnafiki mbele za watu, kwa ajili ya mbuzi wetu aliyekula mihogo yake. Maharage yake nayo yalikuwa uani. Data akavua koti, akapiga magoti, akaanza kuyakusanya.

"Shika mdomo wa gunia," akaniambia.

Nikashika gunia la mtu huku naiangalia kaptula yangu ikilowa ng'ambo ya ua. Nililia, nasema kweli, ila kwenye mvua hakuna anayekujua.

Bibi Astelia alikuwa amekaa mlangoni anatutazama. Tulipofunga gunia ndipo akasema, "Msinichanganyie na mchanga."

Mama hakugomba. Alipika. Tulikula maharage yaliyochipua asubuhi, mchana na jioni. Siku moja, kwa sauti ile ile ya kuulizia chumvi, akamuuliza Data kwa nini hakuanza na ya watoto wake.

"Nyumba hii ina mikono kumi na miwili, tutalima tena," Data akajibu. "Yule ana miwili." Kisha akaomba aongezewe maharage.

Nilisoma mwaka mwingine mzima na viraka vyangu. Nilimchukia Bibi Astelia kwa bidii, na Data kidogo.

Siku hizi naishi Majengo, Mpanda mjini. Nami ni mzee wa kanisa. Nimo kwenye magrupu matatu ya maombi, ambako kila asubuhi vijana wanatuma mistari yenye picha za maua na sisi wazee tunajibu amina kabla ya kusoma. Mwezi uliopita jirani yangu Mama Zuwena alimkimbiza mtoto hospitali, akayaacha mahindi yake yameanikwa karibu na yangu. Wingu likaja. Simu yangu ilikuwa imesema jua. Nikatoka mbio, nikakusanya ya kwangu, nikayafunika turubai, nikafunga na kamba. Kisha nikaenda kwenye yake, na mengi yalikuwa yameshalowa.

Aliporudi alinishukuru sana. "Wewe baba ni mcha Mungu kweli," akasema, mtoto akiwa mgongoni. Nikaitikia amina, nikaingia ndani, nikakaa. Nilimkumbuka Data, ambaye hakushukuriwa hata siku moja. Ningefurahi zaidi kama Mama Zuwena angeniambia nisimchanganyie na mchanga.