Fundi wa Mishipa Iliyolala

Jirani yangu aliniambia, "Shoga, huyo fundi anatia watu umeme kichwani, wakiamka wanaongea na ukuta. Mtoto wako mfiche!" Mimi sijui nishike lipi. Ninachokiona dirishani kwa huyo fundi ni mtu mwenye kucha fupi, anayebandika nyaya mbili kwenye mkono wake mwenyewe na kuzungusha kitufe mpaka kidole kinaruka. Hukitazama kidole hicho kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha huipuliza ngozi, kama ninavyompulizia mwanangu maziwa, na kuanza upya. Ndiyo kazi yake miaka yote, kutengeneza vidude vya kuamsha mishipa iliyolala.

Leo amenikuta naanika nepi, akasimama, sauti yake iko chini.

"Mama mtoto, kesho namfunga kaka yangu kifaa. Tangu apooze hasemi, kikimchoma hawezi kuniambia. Na huu mkono wangu nimeuchosha, hausikii tena."

Nimemtazama usoni, nisijue kama ni huruma au ni wazimu. Mtoto mgongoni amemchekea.

"Niazime mkono wako nikijaribu kwanza, dada," akasema. "Ukisema basi, nazima."