Kompyuta Yangu Imenivunjia Ndoa, Sasa Naambiwa Nimesamehewa

Admin, nifichie jina tafadhali, maana Mikumi ni ndogo na watu wanajuana. Wakubwa zangu shikamooni. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nina mtoto mmoja wa kike, yuko darasa la pili. Nilikuwa na steshenari pale Mikumi, karibu na barabara kuu. Nachapa barua, natoa kopi, nawajazia vijana maombi ya vyuo mtandaoni. Mume wangu ni karani kwenye ofisi moja upande wa Ruhembe. Kompyuta ya dukani aliniandalia yeye, akaweka kila kitu, mimi nikaikuta iko tayari kwa kazi.

Mwaka huu ikaanza vituko. Nikifungua mtandao, kurasa zinajifungua zenyewe. Wanawake uchi, maneno machafu, eti tafuta mpenzi aliye karibu nawe. Nikifunga moja zinakuja mbili. Siku moja namjazia binti maombi ya chuo, mama yake kakaa pembeni yangu, mara picha ikajaa kioo kizima. Yule mama alisimama, akakusanya vyeti vya mwanawe.

"Dada, kumbe ndiyo kazi yako humu ndani?"

Wiki haikuisha habari ilikuwa imefika sokoni na kanisani. Wateja wakakatika. Mwanangu akarudi kutoka shule akaniuliza, "Mama, wanasema unaangalia picha za watu wasiovaa nguo. Kweli?"

Nilimweleza mume wangu huku nalia. Akaangalia kile kioo, akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe huwa unatafuta nini humo?" Nikamwambia sitafuti chochote. Akasema, "Matangazo humfuata mtu kwa vitu anavyovipenda." Mimi najua kuchapa, sijui mambo ya ndani ya kompyuta. Ningembishia kwa lipi?

Wakwe zangu wakashuka kutoka Vidunda, kikao kikakaa nyumbani kwetu Jumapili baada ya ibada. Niliapa mbele yao kwa jina la Mungu. Baba mkwe akamgeukia mwanawe, "Wewe ndiye unayeishi naye. Sema unachokijua." Mume wangu akainamisha kichwa, akasema, "Baba, nimejaribu kumsaidia, nimeshindwa." Nilimwangalia, hakuniangalia. Mama mkwe alilia kama mtu aliyefiwa. Ikaamuliwa nirudi kwetu Kilosa nikatulie, mtoto abaki na baba yake asije kuharibika.

Nikaondoka na begi na ile kompyuta. Nilitaka isafishwe niiuze, sikutaka kuiona tena. Nikaipeleka kwa dada mmoja hapa Kilosa, fundi, nilisoma naye sekondari. Akacheka kidogo, akasema, "Hivi si virusi vya ajabu. Ni ekstensheni." Akanieleza ni viprogramu vidogo vinavyobandikwa kwenye brauza, ile programu ya kufungulia mtandao, mtu anaviweka mwenyewe bila kujua vimebeba nini. Akabonyeza vile vidoti vitatu pembeni, akafungua orodha, vilikuwa vitatu. Kimoja cha kupakulia video, viwili vililetwa na hicho. Akaviondoa. Tukafunga kompyuta, tukaiwasha. Vimerudi vyote.

Akaniuliza, "Humu mmeingia kwa akaunti ya nani?"

Akaunti ilikuwa ya mume wangu. Fundi akanifafanulia taratibu: akaunti ikiwa wazi kwenye kompyuta mbili, kinachowekwa huku kinahamia na kule. Ukifuta huku, kule kipo, kinarudi tena. Maana yake mume wangu alikiweka kwenye kompyuta ya kazini kwake, kikaja mpaka dukani kwangu. Fundi akaitoa ile akaunti, akaviondoa tena, akazima na ruhusa za zile tovuti zilizokuwa zinanirushia matangazo. Kompyuta ikatulia. Kazi ya muda mfupi tu, jamani.

Lakini kabla hajaitoa ile akaunti, tulifungua historia yake, ile orodha ya vyote vilivyotafutwa kwa akaunti hiyo kwenye kompyuta zote mbili. Nikasoma kwa macho yangu: "Jinsi ya kuondoa matangazo ya picha za uchi kwenye kompyuta." Mimi sijawahi kuandika hayo; aliyetafuta ni mume wangu, wiki tatu kabla ya kikao. Alikuwa anajua. Siku ile ananiuliza natafuta nini, anajua. Siku ile anainamisha kichwa mbele ya baba yake, anajua.

Nilimpigia simu. Hakukataa. Akasema, "Nilipakua video za ajabu, nikaona aibu. Baba alishasikia ni wewe, nikaona yaishie hapo hapo." Yaishie kwangu! Hizo video zake wala hazijaniuma. Kinachoniuma ni kwamba mtoto wangu alizomewa shuleni na yeye akakaa kimya, anakula chakula nilichompikia.

Sasa anataka nirudi. Nikamuuliza utawaambiaje wazazi? Akajibu, "Nitawaambia nimekusamehe. Watu watasahau." Nikamwambia aende Vidunda akaseme ukweli. Akasema baba yake ana presha, habari hiyo itamuua, na nikiitoa mimi basi mtoto nimsahau.

Picha za ile historia ninazo kwenye simu. Baba yangu anasema rudi, ndoa ni kuvumilia. Jana niliongea na binti yangu kwa simu, akaniambia, "Mama, baba amesema ukiacha tabia mbaya utarudi."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mlio kwenye ndoa na mliotoka, nipeni akili zenu, yangu imeishia hapa. Nipande Vidunda na hii simu nimwonyeshe mzee, au nirudi kwa mwanangu nikiwa nimesamehewa kosa ambalo sikulifanya?