Chuma Kutoka Uwanja wa Mizinga

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, nami msichana niliyetoka kumaliza shule hapa hapa Sindo, kando ya ziwa. Kaka yangu Otieno alirudi kwa basi kutoka kaskazini, alikokuwa akichunga ng'ombe wa tajiri mmoja kando ya uwanja ambao wanajeshi hufanyia mazoezi ya mizinga. Wakishalipua huenda zao, na nyasi zikiota watu hulisha mifugo humo. Humo ndimo alimookota chuma kinene kama paja la mbuzi. Alitaka kukitia motoni akitoboe, kiwe nanga ya mtumbwi wetu.

Sasa, kwetu Wajaluo, zamani mtu aliyetoka vitani, na silaha yake, hakuvuka lango la boma kabla ya kutakaswa. Nyanya yetu, Dani, alipomwona na kile chuma, aliketi langoni akanyoosha miguu.

"Hiyo chuma imeua nani?"

"Dani, hii ni chuma tu, askari walitupa. Na mimi ni mtu wa kanisa, hiyo mambo ya kutakasa tuliacha."

"Basi niruke."

Nani ataruka miguu ya nyanya yake? Otieno alikitua kichakani, akaenda kumwita naibu wa chifu, aliyewahi kuwa askari, aje amsihi Dani ampishe. Mimi nikabaki na hofu nisiyojua ya nini, nikifukuza watoto waliotaka kukigusa.

Naibu wa chifu alifika akicheka. Alipokiona, alirudi kinyumenyume.

"Tokeni! Hiyo ni bomu haijalipuka! Wote, twendeni ziwani!"

Hatukurudi mpaka wataalamu wa jeshi walipokuja wakakilipua. Kishindo kilipasua ukuta wa nyumba ya Dani. Hapo ndipo Otieno alipoanza kulia.

"Kwa basi niliiweka mapajani," alisema. "Mama mmoja abiria alikuwa kando yangu. Mtoto wake alilalia hiyo kitu usiku mzima."

Mwanangu, usilolijua ni usiku wa giza. Wenye silaha hufunga virago wakaondoka, na walichoacha kikabaki na kazi yake. Ukiokota kitu, uliza kilikotoka kabla hujakifikisha kwa watoto, maana kuuliza si ujinga. Na mzee akikuzuia langoni, kasirika ukitaka, lakini simama. Mungu akuepushe na yaliyofukiwa usiyoyaona, na kila utokapo, wanao wakupokee ukiwa mzima.