Kiti cha Udongo

Binti wa nyumba ninayofanyia kazi, hapa Nizwa, ni rika langu. Yeye anasoma kemia chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la saba, Tanga. Nampenda, lakini siku aliyomleta nyumbani profesa wake Mjerumani, roho iliniuma.

Mzee yule ameutumikia udongo maisha yake yote. Tukakaa sebuleni, yaani wao walikaa, mimi nimesimama na birika la kahawa. Profesa anasimulia, binti anamtafsiria bibi yake, mzaliwa wa Unguja: profesa alianza kwa kuosha chupa za maabara, akasoma, akaja kufundisha wengine jinsi chembe za udongo zinavyoelea majini, hazizami wala haziyeyuki.

"Halafu, Bibi, chuo kikampa kiti cha udongo."

Bibi akaweka kikombe chini. "Kiti? Kasoma ujana wake wote, wakampa kiti?"

"Ndiyo, Bibi. Kiti kikubwa."

"Na chenyewe cha udongo! Mbao hawana huko? Maskini wee. Hebu mwongeze halua."

Nilicheka hadi kahawa ikamwagika. Baadaye binti akanieleza kuwa kwao kiti ni cheo cha kuongoza somo zima. Wivu ukazidi. Naosha vikombe huku najiona nimekikalia mimi, miguu haifiki chini.

Asubuhi yake walikuwa wanakwenda Bahla kwa wafinyanzi. Nilishaomba ruhusa kwa Bibi niende nao, nikavaa baibui jipya. Kufungua mlango wa gari, nyuma upande mmoja kumejaa masanduku. Upande wa pili imekaa ndoo ya profesa, ya maji ya udongo wa kupima kutoka Samail, imefungwa mkanda!

"Samahani, dada," binti akasema. "Hii haitakiwi kupinduka. Siku nyingine, inshaallah."

Jamani, nimewahi kumwonea wivu mwenye mume, na mwenye dhahabu pia. Ndoo, sijawahi.

Bibi akatokea mlangoni na bakora yake. "Ndoo ina macho? Itaona nini huko Bahla? Mtoto apande, aipakate."

Nikapanda. Njia nzima nimeikumbatia kama mtoto wa kuazima, kila tuta inanirushia maji kifuani. Mbele, binti na profesa wanacheka kwa Kiingereza, mimi siambulii neno. Wivu ukabaki unaelea palepale, hauzami wala hauyeyuki. Lakini kiti nilikipata, tena cha udongo.