Maswali Kumi na Manne kwa Mama Sauda

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya tasnifu. Ninafundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu, na kwa ajili ya shahada ya pili nilitaka kujua kwa nini familia za Waislamu wa Jinja na Mbale, nchini Uganda, ambazo Kiswahili zinakijua, nyingine huwafundisha watoto wao na nyingine huwaficha lugha hiyo. Nilikuwa na likizo ya siku kumi. Maswali ya mahojiano sikuwa nayo, kwa hiyo nikaiomba programu ya akili mnemba inisaidie. Niliieleza mada, miji na umri wa watu, nayo ikanipa maswali kumi na manne yaliyopangika vizuri kuliko ambavyo ningeweza mwenyewe. Ilishauri nianze na familia, ili mtu azoee kuzungumza. Chini kabisa iliandika kwamba niyajaribu kwanza kwa mwenyeji wa hapo. Hilo nililisoma na kulipita.

Siku ya tatu, baada ya mabasi mawili na mpaka wa Mutukula, nilifika Jinja. Mwenyeji wangu alikuwa Zaina, mwalimu wa shule ya msingi tuliyefahamiana kwenye semina, naye anaishi mtaa wa Mafubira. Alinipikia matoke na samaki, akaniambia amenitafutia mtu wa kwanza: jirani yake Mama Sauda, muuza vitenge, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, anayejua Kiswahili lakini hakitumii na wanawe.

Asubuhi iliyofuata Mama Sauda alikuja amevaa gomesi ya zambarau, gauni refu la heshima la Uganda. Tulicheka kidogo kuhusu bei za vitambaa. Kisha nikaomba ruhusa ya kurekodi, akakubali, nikafungua daftari na kusoma swali la kwanza: baba yake alifanya kazi gani? Akajibu kwamba alikuwa karani. Nikasoma la pili: ni watu gani walikuwa wakija nyumbani kuzungumza naye, na waliongea lugha gani?

Alitazama simu iliyokuwa ikirekodi, kisha akanitazama mimi.

“Wewe nani nakutuma?” aliuliza.

Nilimweleza habari za chuo kwa mara ya pili. Nikadhani swali halikueleweka, nikalisoma tena polepole, kwa sauti safi ya darasani. Hilo ndilo kosa ninalolikumbuka kuliko yote. Mama Sauda aliweka kikombe chini na kuniomba nifute sauti yake. Niliifuta mbele ya macho yake. Aliondoka bila kuaga, na Zaina akamfuata hadi nje.

Mchana ule sikujua nilichokosea. Zaina alisema labda ni siku mbaya tu. Niliirudia programu, nikaieleza yaliyotokea. Iliomba radhi, ikasema maswali ya familia huenda yamegusa jeraha, ikayaondoa. Nikaiuliza kama bila familia utafiti wangu utabaki na maana. Ikasema swali langu ni zuri, ikarudisha mawili. Kila nilipoyumba iliyumba nami kwa adabu. Mwishowe nilichukua orodha isiyo na baba wala mama, nikalala bila kuiamini.

Siku ya tano nilipanda gari la kwenda Mbale kwa barabara ya Tirinyi, katikati ya mashamba ya mpunga, hadi mlima Wanale ulipotokeza mbele yetu. Huko, mtaa wa Namakwekwe, nilipokewa na Bi Hadija, Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan zamani za Waingereza. Anasuka vikapu na kupangisha vyumba viwili. Kiswahili chake kilitiririka, na wajukuu zake walimjibu kwa hichohicho. Nilimuuliza kuhusu redio, shule na soko. Alijibu yote huku akisuka. Nilipofunga daftari na kumshukuru, alishangaa.

“Umemaliza? Umeuliza redio, hujauliza baba yangu.”

Nilibabaika. Nilisema sikutaka kumwumiza.

“Watu wote wanaogopa kuuliza,” alisema. “Baba yangu alikuwa mpishi wa kambi. Alipika maharage. Serikali ya jeshi ilipoanguka, wakasema Mnubi ni Mnubi, mpishi na askari ni sawa, tukakimbia na sufuria kichwani. Andika hiyo. Sisi kwani tulizaliwa na ukuta?”

Niliandika hadi kalamu ikaisha wino. Lakini usiku sikuweza kuunganisha mambo. Swali lililomfukuza mwanamke mmoja ndilo mwingine aliloningoja nimuulize.

Siku ya nane nilirudi Jinja. Sikwenda na daftari. Nilimkuta Mama Sauda akikunja vitenge, nikamwomba msamaha. Alinisogezea kigoda.

“Sasa mimi nauliza,” alisema. “Baba yako alifanya kazi gani?”

Ningeweza kusema mkulima, maana ndivyo alivyo sasa. Nilisema ukweli: alikuwa askari wa Tanzania, na katika vita vya kuiangusha serikali ile ya jeshi alifika hadi huku.

Alikunja kitenge kimoja, kisha kingine. Halafu akanisimulia kwamba watu wa serikali ile ya jeshi walikuja alfajiri, wakamwuliza baba yake kwa Kiswahili nani huja kumtembelea, wakaondoka naye, naye hakurudi. Miezi baadaye wakaja askari wengine, wa Tanzania, nao pia wakiongea Kiswahili. Yeye na mama yake walijificha nyuma ya pipa. Askari mmoja aliwaona, akavua kofia na kumwambia mama yake shikamoo.

“Mama hajui hii neno ni nini,” alisema. “Alilia tu. Sasa wewe mwalimu, niambie, mimi nafundisha mutoto yangu Kiswahili gani?”

Nilimsaidia kukunja vitenge vilivyobaki. Aliniruhusu kuandika habari hii, lakini sauti yake alikataa katakata nisiichukue.

Siku ya kumi nilifika Morogoro. Nilichojifunza ni kidogo: nilikuwa nimeomba maswali ya kuwauliza watu nisiowajua, na baba yangu mwenyewe sijawahi kumuuliza hata moja. Jioni ile nilimkuta uani akibambua karanga. Nilimuuliza kama aliwahi kufika Jinja.

“Kuna maji mengi pale,” alisema.

Aliendelea kubambua, na maganda yalipojaa kwenye ungo alinyanyuka kwenda kuyamwaga, akakaa huko nyuma ya nyumba muda mrefu kuliko kazi ile ilivyohitaji.