Kamera ya 360 ilivyonionyesha "mwenyewe" wa kule Mahurunga

Wakuu, habari za muda huu. Naandika haraka, mnisamehe typing. Chumvi sijaongeza hata punje, video ninayo.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Mtwara, nafundisha mazingira ya pwani. Wanafunzi wengi, gari la field kila siku gereji. Nikaazima kamera ya 360 na miwani ya VR. Ukiivaa ile miwani unageuza shingo na kuona pande zote, kama umesimama palepale.

Nikaenda upande wa Mahurunga, Ruvuma inapokaribia baharini na mikoko inaanza. Mwenyeji wangu Mama Somoe, analima mpunga kando ya mto. Mama ana mdomo huyo, acheni tu.

Nikafunga kamera ukingoni. Akaniambia, "Mwalimu, hapo usikae. Hapo pana mwenyewe."

Nikajua ndo yale yale, mtu ana eneo lake anataka kuombwa. Nikatoa kibali, nikamwonyesha na muhuri. Akaniangalia, akasonya, akaenda zake shambani.

Basi nikainama kuchimba mizizi ya mkoko, nimeipa mgongo kamera na mto. Naongea kisomi kwelikweli. Ghafla Mama Somoe anagonga debe kwa jembe, ngwa ngwa ngwa, anapiga kelele, "Toka! Mwenyewe huyo! Toka!"

Nikakasirika jamani! Hata kugeuka sikugeuka. Nikamjibu, "Mwambie mwenyewe nina kibali! Unaniharibia sauti!"

Nikamaliza, nikafungasha, nikaondoka nimenuna. Nyumbani nikaikata ile kelele ya debe. Kwenye laptop niliangalia upande wangu tu, nijione nilivyotokelezea. (Ndiyo, nichekeni.)

Leo asubuhi darasani. Nimeshawatangazia kwamba gari limepona, keshokutwa group la kwanza linaenda kuchimba pale pale nilipochimba mimi.

Wa kwanza kuvaa miwani ni Mwanahawa, binti wa kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma hiyo hiyo. Wenzake wangetazama mizizi. Yeye akageuka nyuma kuutazama mto.

Alipiga yowe, wakuu! Akaruka, akaanguka na kiti. "Mwalimu! Mwenyewe! Mwenyewe huyu hapa miguuni!"

Neno lile lile.

Nikavaa miwani. Nikageuka. Mamba. Kichwa kiko kwenye miguu ya kamera, kidevu kwenye tope, macho yananitazama mimi niliyeinama kule. Katikati yetu kamera tu.

Halafu nikamwona Mama Somoe anakuja mbio na debe lake, anagonga bila sauti, maana sauti niliikata mwenyewe. Mamba akarudi majini taratibu. Mama akabaki amesimama anatweta. Mimi bado nachimba.

Nilikaa chini. Nililia mbele ya wanafunzi, sioni aibu kusema.

Mwanahawa akanieleza, "Mwalimu, kwetu mtoni hatumtaji jina. Tunasema mwenyewe."

Safari nimefuta. Nikampigia Mama Somoe, nikamwomba radhi, nikamwambia nimemwona mwenyewe.

Akauliza, "Ulimwonyesha kibali?"

Funzo nililopata: VR iendelee, tena ndiyo iliyowaokoa wanafunzi wangu. Ila mwenyeji akisema neno usilolielewa, uliza maana kabla hujatoa karatasi. Na ile sauti ya debe nimeirudisha kwenye video.

Uwanja wenu wakuu. Ila kabla hamjanitukana, semeni kwanza: mtoni kwenu anaitwaje?